Macho manne kwenye njia ya Usagara

Basi la mchana likisimama Mikumi abiria hushuka kila mmoja na shida yake: huyu anachimba dawa, yule anatafuta chipsi, mwingine ananyoosha miguu tu. Mimi nilishuka kutafuta macho. Miwani yangu ya kusomea nilikuwa nimeisahau juu ya meza Dar es Salaam, na mbele yangu kulikuwa na wiki nzima ya kukaa Kilosa bila kuweza kusoma hata ujumbe wa simu. Kijana mmoja aliyebeba ubao wa miwani kifuani kama ngao akanisogelea.

"Shikamoo mzee. Ya jua au ya kusomea?"

"Marahaba. Ya kusomea."

"Umri?"

Nikamtajia. Hakuuliza zaidi. Akachomoa moja yenye kibandiko kidogo kwenye kioo, kimeandikwa +2.00, akanivisha mwenyewe, kisha akanipa kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungia chapati yake. Nilisoma mpaka matokeo ya mpira. Alianza na elfu kumi na mbili, tukapatana elfu tano, na dereva alikuwa hajapiga honi.

Kibandiko kile nilikibandua jioni, nimeshafika Kilosa, nikakibandika kwenye jalada la daftari, maana ndani ya namba ile mna karibu somo zima la mwanga la kidato cha tatu. Kesho yake saa nne asubuhi nikaishika miwani juani, nikaweka karatasi nyeupe chini yake, nikawa naipandisha na kuishusha. Ilipofika nusu mita kwa rula, jua lilijikusanya likawa doa kali lenye ukubwa wa punje ya adesi. Karatasi haikuungua, ila mgongo wa mkono wangu ulikataa kukaa pale. Sasa gawanya 1 kwa nusu mita: jibu ni 2. Hiyo ndiyo dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi. Miwani ya +1.00 ingelikusanya jua kwenye mita 1, ya +4.00 kwenye robo mita. Yule kijana wa Mikumi anauza umbali kwa rejareja.

Adesi nimeitaja kwa makusudi. Neno lenzi limetufikia kwa mkono wa Kiingereza kutoka Kilatini, na kwa Kilatini lilikuwa jina la punje hiyohiyo, kwa kuwa kioo chenyewe kilifanana nayo: kinene katikati, chembamba pembezoni. Waarabu nao huiita lenzi adasa, na adesi ya kwetu imetoka hukohuko. Mpishi wa Unguja na fundi miwani wa Kairo wanashika kitu kimoja kwa jina.

Miwani ilipita nchi hii kabla ya basi, na kabla ya reli pia. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipanda milima hii ya Usagara wakitokea pwani na msafara wa wapagazi, wakitafuta ziwa lililosemwa liko magharibi. Walipofika Ujiji Februari 1858, Speke alikuwa anaumwa macho vibaya hata Ziwa Tanganyika, alilolifuata kwa miguu miezi saba na ushee, hakuliona sawasawa. Miezi michache baadaye, akielekea kaskazini kwenye ziwa atakaloliita Victoria, alivaa miwani ya rangi ya kijivu kujikinga na mwanga. Ikawa kero. Watu wa vijijini walimsonga, wakainama kuchungulia chini ya kofia yake waone yale macho yaliyowekwa juu ya macho, hadi akalazimika kuyavua apate kupita kwa amani. Wanafunzi wa leo wanaomwita mwenzao "macho manne" hawajui kwamba utani wao una umri wa zaidi ya miaka 160.

Msiba wa Emin Pasha ni mkubwa zaidi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa gavana wa Ikweta kusini mwa Sudan, na macho yake hayakuona mbali kabisa. Mvumbuzi Stanley alimtoa bara mwaka 1889, na msafara wao ukashuka kupitia Mpwapwa na Usagara hadi Bagamoyo, ambako waliingia tarehe 4 Desemba. Usiku huohuo Wajerumani waliwafanyia karamu ghorofani. Emin, aliyevuka mito na nyika zote zile salama, alitoka kidogo kwenye meza, akakanyaga pasipo na sakafu, akaanguka hadi barabarani. Alilazwa wiki nyingi huku kichwa kimeumia. Stanley akavuka kwenda Unguja bila yeye, na Emin alipopona aliingia utumishi wa Wajerumani na kurudi bara, ambako aliuawa mwaka 1892, Kongo. Mwalimu wa historia hulitaja anguko hilo kama kichekesho. Mwalimu wa fizikia angeweza kuuliza darasa: kama picha ya vitu vya mbali iliundwa mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, badala ya kuwa juu yake, lenzi ya aina gani ingemwokoa Pasha?

Swali hilo ningelipenda sana nikiwa mdogo. Nilikaa dawati la nyuma katika shule moja ambayo siitaji, na ubaoni niliona ukungu mweupe juu ya ukungu mweusi. Nilinakili kutoka daftari la jirani. Jirani akikosea namba nami nakosea vilevile, na viboko tukagawana sawa kwa sawa. Mimi nikaongezewa cha uvivu. Nilijifunza mwenyewe kukunja macho. Baadaye nikagundua kuwa nikikunja ngumi na kuacha tundu dogo kati ya vidole, nikachungulia hapo, herufi zinakaa sawa kama zimepigwa pasi. Nilidhani ni uchawi wangu binafsi.

Ni fizikia ya zamani mno. Tundu dogo huzuia miale inayokuja ikisambaa na kupitisha ile michache iliyonyooka, hivyo hata jicho lenye kosa hupata picha safi, ingawa hafifu. Mboni yenyewe ni tundu linalojirekebisha. Ndiyo maana babu asiye na miwani huichukua barua akatoka nayo uani juani: mboni inabana, herufi zinajitokeza. Na ndiyo maana abiria wa treni ya SGR wakichomoza kutoka kwenye mahandaki ya Kilosa hukunja nyuso kwa sekunde kadhaa, mpaka mboni zilizotanuka gizani zimesinyaa tena.

Aliyelifanya tundu kuwa elimu ni al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karibu mwaka 965, aliyemalizia maisha yake Kairo. Kabla yake wakubwa kama Euklidi na Ptolemi walifundisha kwamba jicho hutoa miale ikaenda kugusa vitu. Ibn al-Haytham aliuliza: kama jicho ndilo linalotoa, mbona ukilitazama jua linakuumiza, na ukifumba macho doa lake bado unaliona? Mwanga huingia. Katika vitabu saba vya Kitab al-Manadhir, alivyoviandika karibu kati ya mwaka 1011 na 1021, hoja hiyo aliijenga kwa majaribio, na pembeni akaandika risala juu ya umbo la jua wakati wa kusufu, likipenyezwa kwenye tundu.

Risala hiyo nimeiona kwa macho yangu pasipo kuisoma. Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete, na waliotaka kuiona pete kamili walipita barabara hii ya Mikumi wakienda Rujewa, wilayani Mbarali. Mimi niliishia Mikumi, chini ya mwembe. Karibu saa sita mchana kila upenyo kati ya majani ulikuwa umechora jua lake mchangani, na kila jua lilikuwa hilali. Mamia ya hilali, zimepangana kama magamba ya samaki, zikicheza kila upepo ukipita. Watoto walizikanyaga wakicheka. Hapakuwa na mwalimu wa kusema: simameni, hili ndilo tundu mlilochora jana kwenye daftari.

Miwani ya kioo ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 13, kwa watu wa umri wangu waliotaka kusoma. Watu wakaivaa zaidi ya miaka 300 kabla hajatokea wa kueleza inafanyaje kazi. Huyo alikuwa Johannes Kepler, mwaka 1604: akaonyesha kwamba konea na lenzi hupinda mwanga, picha ikaanguka juu ya retina kichwa chini, na kwamba miwani huisogeza picha hiyo mbele au nyuma hadi itue mahali pake. Kepler aliugua ndui utotoni, ikamwachia macho mabovu. Mwezi mmoja aliuona kama kadhaa. Katika historia hii utakutana na watu wa namna hiyo mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. George Airy, mwanaastronomia wa Uingereza, alikuwa na jicho la kushoto lililovuta herufi upande. Mwaka 1825 akajichongeshea lenzi yenye mkunjo tofauti kwa wima na kwa ulalo, na miwani ya namna hiyo ndiyo wanayovaa leo mamilioni wenye konea isiyo duara sawasawa.

Hapa nigombe kidogo. Mtoto wa Kilosa anafundishwa shule ya msingi, kwa Kiswahili, kuwa kuna lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo. Maneno haya ni hazina. Kitu kilichobinuka kimetuna. Sufuria iliyobonyea imeingia ndani. Hakuna haja ya kukariri, mkono unajua. Akifika kidato cha kwanza anapewa maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana kama mapacha, na anatumia miaka minne akiyachanganya. Nimewaona vijana wanaojua kabisa kwamba asiyeona mbali anahitaji lenzi iliyobonyea, wakaandika kinyume kwenye mtihani. Walilijua somo, wakafelishwa na lugha. Nasema hivi nikijua kuwa mjadala wenyewe ni mrefu na una wakubwa wake.

Ningelikuwa na kipindi kimoja tu cha kufundisha, ningelifundisha beseni. Mwambie mwanafunzi ajaze maji, atumbukize uso, afungue macho. (Si mtoni Mkondoa, beseni linatosha.) Kila kitu kinageuka uji. Kwa nini? Jicho lina nguvu ya dayopta 60 hivi, na wengi hudhani zote ni za ile lenzi ya ndani. Theluthi mbili zake ni za konea, kile kioo chembamba cha mbele, kwa sababu hapo ndipo mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kitu chenye majimaji, na kupindika kwingi hutokea hapo. Ukiwa majini tofauti hiyo inafutika, konea inakuwa kama haipo. Jaribio hili alilifanya Thomas Young, tabibu wa London, akachapisha mwaka 1801. Alitaka kujua jicho hujirekebishaje linapotoka kutazama mbali kwenda karibu. Akaliweka jicho lake ndani ya maji, akafidia nguvu ya konea kwa lenzi, akakuta bado linaweza kujirekebisha. Basi anayejirekebisha ni lenzi ya ndani. Lenzi hiyo hukakamaa kadiri miaka inavyopita, na hapo ndipo tunapokutana na kijana wa Mikumi.

Huyu Young mkumbuke. Ndiye pia aliyeonyesha kuwa mwanga huenda kwa mawimbi, na mwaka 1813 akaelezea chombo cha kupimia unene wa nyuzi za sufu kwa kutazama duara za mwanga zinazozizunguka. Wazo hilo litarudi mwishoni, kwa unywele.

Kupima macho nako kuna historia inayogusa jirani zetu. Mholanzi Herman Snellen alitoa ubao wake wa herufi mwaka 1862. Kanuni yake ni jometri tupu: jicho zima lisome kwenye mita 6 herufi yenye urefu wa milimita 8.7 hivi, na lenye kuona moja ya kumi ya hapo lisome yenye mara kumi ya urefu huo. Mwanafunzi mwenye rula, manila na kalamu nyeusi anaweza kuutengeneza mchana mmoja. Kwa asiyejua kusoma hutumika E inayogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, naye huonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Toleo moja maarufu la ubao huo lilibuniwa miaka ya 1970 na daktari Hugh Taylor kwa ajili ya wenyeji wa asili wa Australia. Taylor huyohuyo, miaka ya 1980, alikuwa Kongwa, ng'ambo ya milima kutoka Kilosa, pamoja na Sheila West na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakichunguza trakoma, ugonjwa unaoishia kwenye vikope: kope zinageuka ndani, zinakwaruza konea mpaka inakuwa nyeupe. Kongwa iliyovuma kwa karanga za Waingereza zilizoshindikana ikavuma mara ya pili, kwa jambo la heshima zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watoto wakinawishwa uso, pamoja na dawa, trakoma kali hupungua. Kunawa uso kukaingia katika mkakati wa dunia wa kupambana na ugonjwa huo.

Kongwa hiyohiyo ikatoa namba inayonihusu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 40 na zaidi, kama 62 hawaoni karibu, na wenye miwani kati yao walikuwa wachache mno. Fikiria maana yake kwa mtu anayechambua mchele, anayetunga uzi kwenye sindano, anayesoma karatasi ya dawa ya mjukuu. Kwa wanafunzi hali ni ya ajabu zaidi. Utafiti wa shule za sekondari za Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa baadhi miwani ya bure. Baada ya miezi mitatu, chini ya nusu ndio waliokuwa wanaitumia au walikuwa nayo shuleni. Nadhani najua miwani iliyobaki ilikuwa wapi. Ilikuwa mfukoni, ikilikwepa jina la macho manne.

Nisije nikauza miwani kama dawa ya kila jicho. Kilosa ni mojawapo ya sehemu za nchi zenye usubi, yule inzi mdogo wa kando ya mito iendayo kasi anayebeba vimelea vinavyoweza kupofusha. Hapo lenzi haisaidii kitu. Husaidia vidonge vinavyogawiwa vijijini. Na mtoto wa jicho hutibiwa kwa kutoa lenzi iliyofifia na kuweka ya plastiki, ufundi ulioanzishwa na Harold Ridley, London, mwaka 1949, baada ya kuona kuwa vipande vya dirisha la ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita vilikaa humo bila kuleta uvimbe.

Mwaka huo wa 1949 ulikuwa na jambo jingine, nalo linaanzia kwenye kupatwa kwa jua. Julai 1945 jua lilipatwa Ulaya, na baadhi ya waliolitazama bila kinga wakaenda hospitali wakiwa na doa katikati ya macho yao. Daktari kijana wa Hamburg, Gerhard Meyer-Schwickerath, aliwachungulia, akaona kovu safi, dogo, kama la pasi. Wengine waliona ajali. Yeye akawaza: retina ikibanduka huwa tunatafuta namna ya kuigandisha tena, kumbe mwanga unaweza kuishona. Akajenga mfumo wa vioo na lenzi juu ya paa la hospitali, na mwaka huo wa 1949 akaliongoza jua hadi ndani ya jicho la mgonjwa. Ni doa langu la adesi lilelile. Shida ya jua ni mawingu, na Hamburg ina mengi. Akahamia kwenye taa kali za umeme, lakini mwanga wa taa husambaa kila upande na una kila rangi. Kuubana kwenye doa dogo ni kazi ya kulazimisha.

Kilichotakiwa ni mwanga wa rangi moja, unaokwenda njia moja, mawimbi yake yakipiga hatua pamoja kama gwaride. Einstein alikwisha andika mwaka 1917 kwamba atomu iliyoshiba nishati ikipitiwa na mwanga unaofaa hutoa mwanga mwingine pacha wake. Ilichukua miaka 43. Tarehe 16 Mei 1960, Malibu, California, Theodore Maiman alizungushia taa ya mmuliko ya mpiga picha kwenye kijiti cha rubi chenye ncha za fedha, akaiwasha, na mwali mwekundu wa kwanza wa leza ukatoka. Rubi! Milima ya Matombo na Mahenge, mkoani humuhumu Morogoro, ina jiwe hilo, ingawa la Maiman lilitengenezwa maabara. Mwaka huohuo tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Mikumi, kabla ya kusukumwa hadi Kidatu mwaka 1965. Hayana uhusiano, najua. Ila ukimpa mtoto wa Mikumi tarehe mbili pamoja, moja ya kwao na moja ya dunia, zote mbili zinakaa.

Desemba 1961, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Malibu, leza ya rubi ilitumika New York kwenye retina ya mgonjwa. Ni vyombo vichache vya fizikia vilivyoingia hospitali haraka namna ile, na mlango ilioingilia leza ni jicho. Sababu iko wazi: jicho ndilo dirisha pekee la mwili. Mwanga unapita konea na lenzi bila kuziunguza, ukafika nyuma kwenye mshipa unaovuja wa mwenye kisukari, ukauziba.

Kusahihisha uoni ni suala jingine, kwa kuwa huko unataka kuichonga konea yenyewe. Leza nyekundu haifai, ingepita tu. Jibu lilipatikana katika maabara ya IBM, jimbo la New York, kwa wanasayansi Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum. Walikuwa na leza ya urujuanimno isiyoonekana, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, ikichonga plastiki vizuri ajabu. Je, nyama? Novemba 1981, siku iliyofuata sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga, Srinivasan alikuja kazini na mabaki ya mlo wa nyumbani. Leza ikachonga mfereji safi kwenye kiporo, bila kuunguza kingo zake: ilikata vifungo vya molekuli vyenyewe badala ya kuvichemsha. Halafu wakachonga unywele wa binadamu. Picha ya unywele ule wenye mapengo ya mraba, kama kipande cha mbao kilichopitiwa na patasi, ikazunguka dunia. Daktari Stephen Trokel wa Columbia akatambua mara moja ni kwa ajili ya nini, na mwaka 1983 akachapisha pamoja na Srinivasan majaribio juu ya macho ya ng'ombe. Mwaka 1995 Marekani ikaruhusu leza hiyo kwa watu wasioona mbali.

Kwetu, nisiwadanganye, leza inayohitajiwa na wengi ni ile ya mishipa ya kisukari, na ile inayotoboa utando unaojitokeza nyuma ya lenzi ya plastiki baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Nazo mtu wa Kilosa huzifuata kwenye hospitali kubwa za rufaa. Kuchonga konea ni anasa ya mijini, na kwa macho ya umri wangu haiondoi tatizo, kwani kilichokakamaa ni lenzi ya ndani. Lakini kwa kufundishia, hakuna mfano mtamu kama huo, maana hesabu yake ni ya kidato cha tatu. Charles Munnerlyn aliiandika hivi: zidisha dayopta kwa mraba wa upana unaochongwa, kwa milimita, gawanya kwa 3, jibu ni kina, kwa mikroni. Kwa upana wa milimita 6, kila dayopta inagharimu mikroni 12 za konea yenye unene wa mikroni 500 na ushee.

Jioni ya tatu Kilosa umeme ulikatika, nami nikafurahi, kwani giza ndilo nililokuwa nalingoja. Binti wa dada yangu yuko kidato cha tatu. Aliandikiwa miwani ya −2.50 Morogoro mwaka jana, na kama nilivyoshuku, ilikuwa mfukoni. Nilikuwa na tochi ya leza ya funguo, ile nyekundu ya machinga. Kwanza nikamwonya asiielekeze usoni kwa mtu, hata kwa paka: lenzi ya jicho ingeikusanya kama miwani yangu ilivyolikusanya jua. Kisha nikamwomba unywele mmoja. Akaung'oa, tukaunyoosha juu ya mdomo wa tochi kwa gundi ya karatasi, tukamulika ukuta mita 2 mbele. Badala ya kivuli cha unywele kikatokea kistari cha vidoa vyekundu, kimelala kushoto na kulia, na kati ya kidoa na kidoa pana giza.

"Ndiyo mawimbi hayo, mjomba?"

"Ndiyo yenyewe. Pima."

Alikwenda ukutani na rula, akarudi, akakunja macho, akaenda tena. Mwishowe akatoa miwani mfukoni akaivaa. Sentimita 2 kati ya giza na giza. Wimbi la tochi ni nanomita 650. Akazidisha kwa mita 2, akagawanya, akafuta sifuri moja iliyozidi, akapata mikroni 65. Nikamwandikia kanuni ya Munnerlyn chini ya hesabu yake, bila kusema kitu. Akaitazama, akaweka 2.50 mahali pake, akazidisha kwa 12.

"Thelathini," alisema. Akauchukua unywele wake kutoka kwenye tochi, akauinua mbele ya mwanga wa simu. "Hata nusu haifiki, mjomba."